Jina Kubwa Si Jawabu

Usiku mmoja wa muhula uliopita nilifuta jibu langu la hesabu lililokuwa sahihi, nikaandika la mwenzangu lililokuwa kosa. Sikuwa na sababu ila moja: mwenzangu huyo huwa wa kwanza katika kila mtihani. Madaftari yaliporudi, karibu Kidato cha Tatu kizima tulikuwa na kosa lile lile. Wanafunzi wenzangu, nataka kutoa maoni yangu juu ya desturi hii, na nitaitumia namba moja kubwa kuwa shahidi: 4,294,967,297.

Namba hii huanza kwa njia nyepesi. Chukua 2, uizidishe kwa yenyewe upate 4, kisha 4 kwa yenyewe upate 16, halafu 256, halafu 65,536. Kila moja iongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ukiendelea hatua moja tu, utaifikia hiyo 4,294,967,297.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyekuwa bingwa wa hesabu, aliandika kwamba anaamini namba zote za mfuatano huu ni tasa, hata ukiendelea bila mwisho. Alikiri kuwa hana uthibitisho. Lakini jina lake lilikuwa kubwa, na miaka 92 ikapita.

Mwaka 1732 kijana wa miaka 25, Leonhard Euler wa Uswisi, alionyesha kuwa 4,294,967,297 hugawanyika kwa 641. Wala hakubahatisha. Baadaye alieleza kwamba kigawo chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi namba tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Majaribio matano tu! Na tangu hapo, hakuna namba tasa nyingine ya mfuatano ule iliyopata kuonekana baada ya zile tano za kwanza.

Wako watakaosema kwamba muda wa masomo ya usiku hautoshi, na kwamba aliye hodari akisha kupata jibu, hakuna faida kulirudia. Mimi sikubali. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika chumba cha mtihani kila mtu yuko peke yake. Tena tunamdhulumu hata huyo hodari, maana hakuna anayemwonyesha kosa lake. Nashauri kila mmoja wetu afanye hesabu yake kwanza, kisha alinganishe na ya mwenziwe. Na majibu yakihitilafiana, wakae wawili watafute kosa liko wapi. Na walio hodari nao waige uungwana wa Fermat, waseme wazi lipi wamelihakikisha na lipi wanalidhani tu.

Nawe msomaji, usiniamini mimi kwa kuwa maneno yangu yamepigwa chapa. Chukua kalamu, uzidishe 641 kwa 6,700,417, uone mwenyewe.