Usiniambie Paris Ndiyo Ilimfanya Dexter Gordon

Kila nikiposti Our Man in Paris, ile albamu ya Dexter Gordon, lazima mtu aniambie: "Unaona? Ukitaka kuomoka, enda majuu. Huko ndiko talanta hutambulika." Wasee, hapana. Hiyo stori mmeishika kichwa chini miguu juu.

Angalia waliokuwa studio Paris tarehe 23 Mei 1963. Dexter kwa saksafoni, Bud Powell kwa piano, Kenny Clarke kwa ngoma, Pierre Michelot kwa besi. Mfaransa ni Michelot peke yake. Hao watatu ni Wamarekani weusi waliofika wakiwa mafundi tayari. Clarke alikuwa ameshabadilisha upigaji wa ngoma za jazz huko New York kabla ahamie Paris 1956. Na nyimbo? Powell hakutaka kujifunza mpya, wakapiga zile walizojua tangu nyumbani. Sasa Paris ilimfundisha nani nini?

Swali ni kwa nini walitoka. New York enzi hizo, kupiga muziki kwa klabu inayouza pombe ulihitaji kadi ya polisi. Ndio, polisi. Dexter alikuwa amefungwa juu ya heroini, akamaliza kifungo, na rekodi kama hiyo ingeweza kukunyima kadi. Powell naye, polisi walimpiga kichwani 1945, na baadaye akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitali za akili.

Hapa ndipo huniuma. Albamu hiyo ilitolewa na Blue Note, kampuni ya New York. Yaani santuri ya Dexter iliingia bila kadi mji ambao mwanamuziki mwenyewe alihitaji kadi ya polisi ili afanye kazi klabuni.

Na msinichoree Paris kama mbinguni. Sikatai, Dexter alipata kazi na heshima Ulaya. Lakini Oktoba 1961, polisi wa jiji hilo hilo waliwaua Waalgeria waliokuwa wanaandamana, wengine wakatupwa mto Seine. Mweusi mgeni mwenye saksafoni alipigiwa makofi. Mwalgeria aliyefanya kazi kwa viwanda vyao alipigwa rungu.

Najua mtasema hayo ni ya Wamarekani. Sawa. Beshte yangu hupiga trampeti. Juzi aliitwa kwa shughuli moja kubwa hapa Nairobi. Malipo? Sahani ya pilau na "utajulikana". Bendi ya majuu, usiku huo huo, ililipiwa ndege na hoteli. Kesho yake anko wake akamwambia, "Kijana, tafuta visa." Hakuna aliyeuliza kwa nini hakulipwa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina digrii ya kuwatisha nayo. Lakini hesabu hii naiweza: Dexter aliondoka 1962 akiwa na miaka 39. Aliporudi kupiga Village Vanguard 1976, watu walipanga foleni nje. Alikuwa na 53. New York ilimpigia makofi mtu ambaye ilikuwa naye, ikamwacha aende. Sehemu kubwa ya hiyo miaka 14 katikati waliikosa bure.

Kwa hivyo wacheni kuambia kila msanii apande ndege. Una harusi Disemba? Una uzinduzi? Lipa bendi kabla MC ashike maiki. Pesa, si pilau. Tuanzie hapo, halafu ndio mniambie kuhusu majuu.