Fedha za Chama Zitoke Mikononi Mwetu, Si Mfukoni mwa Baba

Liko jambo linalovisumbua vyama vyote vya wanafunzi hapa shuleni, nalo ni fedha. Chama cha Majadiliano kinazitaka, Skauti wanazitaka, kwaya inazitaka, na wacheza mpira ndio usiseme. Kila muhula unapoanza, mwenyekiti husimama mbele ya wenzake akasoma orodha ndefu ya mipango: safari, mashindano, sare, ngoma mpya, vitabu. Wote hupiga makofi. Kisha mtu mmoja huuliza, "Fedha zitatoka wapi?" Hapo chumba kizima huwa kimya kama maji mtungini.

Jibu letu la siku zote ni kwamba kila mwanachama alete mchango kutoka nyumbani. Na mchango usipotosha, huchapishwa kadi, nasi tukazichukua likizoni na kuwapelekea wajomba, shangazi, wachungaji, mashehe na waheshimiwa. Mimi ni mhazini wa chama kimoja hapa shuleni, na huu ni mwaka wa pili nashika daftari la hesabu. Maoni yangu ni kwamba njia hizo mbili hazifai kuwa msingi wa chama cha wanafunzi. Fedha za chama yafaa zitokane na kazi ya wanachama wenyewe. Nitaeleza sababu zangu, kisha nitataja njia ambazo zawezekana hata kwa chama kisicho na kitu.

Sababu ya kwanza ni kwamba mchango wa nyumbani unatutenga sisi kwa sisi. Muhula uliopita chama chetu kilialikwa kwenda kujadiliana na shule nyingine. Kila mmoja alitakiwa kutoa shilingi 40,000 za basi na chakula. Waliozipata walikwenda, na wanachama 11 wakabaki. Miongoni mwao alikuwamo msemaji wetu hodari kuliko wote, kijana ambaye baba yake amefariki na mama yake huuza ndizi ili apate karo. Hakukosa akili, hakukosa adabu, wala hakukosa bidii. Alikosa shilingi 40,000. Tulishindwa siku ile, lakini hilo si neno. Neno ni kwamba tangu hapo kijana yule hajaja tena mkutanoni. Chama kinachojiita cha wote kilimwambia, bila kufungua kinywa, kwamba ni cha wenye nacho.

Sababu ya pili yahusu zile kadi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwenye kutoa fedha nyingi ndiye mwenye kuchagua siku ya sherehe, ndiye mwenye kuhutubia saa mbili juani, na mara nyingine ahadi yake hubaki kuwa ahadi. Jirani zetu wa Kenya wanalijua jambo hili vizuri. Tangu mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa mwito wa taifa, wananchi walijenga shule na zahanati nyingi kwa nguvu zao, nalo lilikuwa jambo la kusifiwa. Lakini baadaye harambee nyingine ziligeuka kuwa uwanja wa wakubwa kujionyesha, na watu wadogo wakalazimishwa kutoa. Ndiyo maana mwaka 2003 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwazuia watumishi wa umma kutumia ofisi zao kukusanya michango. Tazameni basi: mwito ulioanza kwa watu kutoa jasho lao uliharibika pale bahasha ya mkubwa ilipochukua mahali pa jasho.

Pengine msomaji atasema, "Watoto wa shule waweza kufanya nini?" Nitamjibu kwa historia. Mwaka 1866, baada ya watumwa wa Marekani kuachwa huru, chuo cha Fisk kilifunguliwa katika mji wa Nashville ili kuwasomesha watu weusi. Baada ya miaka mitano chuo kilikuwa kimelemewa na madeni. Mhazini wake, George White, ambaye pia alikuwa akiwafundisha wanafunzi kuimba, aliwachukua vijana 9 mwezi wa Oktoba 1871, wakatoka kwenda kuimba mji hadi mji. Wengi wao walikuwa wamezaliwa utumwani. Mwanzoni walipata taabu kubwa, kwani mahoteli yaliwakataa kwa sababu ya rangi yao na makusanyo yalikuwa haba. Siku moja walipata chini ya dola 50, nao wakazitoa kwa watu wa Chicago ambao mji wao ulikuwa umeungua mwezi huo huo. Hata hivyo hawakurudi nyuma. Mwaka 1873 walivuka bahari wakaimba mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza, na mapato ya nyimbo zao yakajenga Jubilee Hall, jumba lililofunguliwa mwaka 1876, nalo lasimama hadi leo. Vijana wale hawakuwa na mtaji ila koo zao na nyimbo za wazee wao.

Basi, sisi tuna nini mikononi? Tunavyo vingi, ila hatujavitazama.

Kwanza, tuna siku ya wazazi. Siku hiyo mamia ya watu huja shuleni na njaa zao. Kwa nini wanunue mandazi na karanga nje ya lango, hali sisi twaweza kukaanga wenyewe? Lakini hapa yatakiwa hesabu. Tuseme unga, sukari, mafuta na kuni za mandazi 200 vimegharimu shilingi 60,000, na kila andazi limeuzwa shilingi 500. Yote yakinunuliwa, mkebe utakuwa na shilingi 100,000. Vyama vingi hushangilia hizo 100,000 wakazitumia zote, kumbe faida ni 40,000 tu. Zile 60,000 ni mbegu. Mkulima anayekula mbegu hana msimu wa pili.

Pili, tuna nguvu za mwili. Siku hiyo hiyo ya wazazi magari huja yamejaa vumbi au matope. Ndoo, sabuni, matambara na vijana sita huweza kuosha magari mengi kabla hotuba hazijakwisha. Tena siku za Jumamosi, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, majirani waweza kutuajiri kupalilia migomba au kuchuma kahawa. Kazi ya namna hii haina gharama ya kununulia bidhaa, kwa hiyo karibu yote ipatikanayo ni faida.

Tatu, tuna ardhi. Nyuma ya mabweni pana kipande kilichojaa magugu. Sukuma wiki ikipandwa na kumwagiliwa vizuri, yaweza kuanza kuchumwa baada ya miezi miwili hivi, ikaendelea kuchumwa kwa majuma mengi. Wateja wako karibu: jiko la shule na nyumba za walimu. Kitalu cha miche nacho ni kizuri. Mbegu za parachichi tunazitupa kila siku, na mikebe mitupu i tele. Miche yauzika sana mvua zinapoanza, nazo kwetu huanza mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba. Basi mwenye akili huanza kuotesha miezi kadhaa kabla.

Nne, tuna vipaji. Mchezo wa kuigiza, ngoma na nyimbo hupendwa na kila mtu. Lakini nimeona katika madaftari ya vyama kwamba tamasha huleta hasara kwa sababu moja, nayo ni vyombo vya kukodi. Vipaza sauti hukodishwa kwa fedha nyingi, na kiingilio chote huishia kwa mwenye vyombo. Tuigize mchana, katika ukumbi wa chakula, kwa sauti zetu wenyewe. Mwigizaji asiyesikika bila kipaza sauti katika ukumbi ule na ajifunze kupaza sauti.

Tano, tuna werevu wa kugawa mzigo. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi yaliungua tarehe 16 Machi 2010. Mwaka 2013 Katikkiro Charles Peter Mayiga alianzisha mchango ulioitwa Ettoffaali, yaani tofali. Watu hawakuombwa kujenga nyumba nzima. Kila mmoja alinunua cheti cha tofali kwa kadiri ya uwezo wake. Nasi twaweza kuiga namna hiyo ya kuhesabu. Tukitaka shilingi 900,000 za safari, tusiseme "laki tisa", maana neno hilo huvunja moyo. Tuchore ukutani matofali 90, kila moja la shilingi 10,000 za kazi, na kila kazi ikiisha tupake rangi tofali lake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kinachoonekana kinajaa upesi.

Yako pia mambo ya kuepukwa. Bahati nasibu yavutia, lakini si yetu sisi: sheria ya Uganda ya mwaka 2016 yamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza michezo ya kamari. Tena tusiuziane peremende sisi kwa sisi tukafikiri tumetajirika. Fedha zinazotoka katika sanduku la mwanafunzi huyu kwenda katika mkebe wa chama chake ni mchango ule ule wa nyumbani, umevaa kanzu nyingine. Wateja wetu na wawe watu wazima: wazazi, walimu na majirani.

Sasa nafika kwenye shauri langu lenyewe. Kila chama kiwe na daftari la kazi pamoja na daftari la fedha. Katika daftari la kazi yaandikwe majina yote, na mbele ya kila jina saa alizofanya kazi. Safari ikija, asiulizwe mtu ameleta shilingi ngapi, ila aulizwe amefanya kazi saa ngapi. Mtoto wa tajiri na mtoto wa muuza ndizi wote wana saa 24 kwa siku, na jembe halimwulizi mtu baba yake ni nani. Mwenye kuumwa au mlemavu apewe kazi anayoiweza, kama kuandika tiketi au kuhesabu chenji. Kwa njia hii hakuna atakayebaki bwenini kwa umaskini. Atakayebaki atabaki kwa uvivu wake, naye hatamlaumu mtu.

Lakini kazi yote hii itakuwa bure kama fedha hazitunzwi kwa uaminifu. Vyama vingi vimekufa kwa kutojua fedha zilikokwenda, hata pale ambapo hazikuwa kidogo. Kwa hiyo kila shilingi iingiayo iandikiwe risiti, na kila itokayo iwe na sahihi mbili. Fedha zikitumwa kwa simu, zisikae katika simu ya mtu mmoja kana kwamba ni zake, bali mwalimu mlezi azipokee mbele ya mhazini na katibu, na zipelekwe benki mapema. Zaidi ya yote, hesabu isomwe kwa sauti katika kila mkutano, si mwisho wa mwaka tu. Mwanachama aliyeona shilingi yake ya jana imeandikwa, kesho atakuja na ndoo bila kuitwa.

Najua wako watakaosema kwamba wazazi walitulipia karo tusome, si tuoshe magari. Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Kazi isizidi Jumamosi moja kwa mwezi pamoja na siku ya wazazi, na majuma ya mitihani tusiifanye kabisa. Lakini je, kukisia gharama, kupata faida, kuotesha mche na kutunza daftari si elimu? Mtaala mpya wa shule za sekondari ulioanza mwaka 2020 hapa Uganda unatutaka tufanye miradi na kutumia maarifa kwa vitendo. Huu ni mradi ulio mbele ya macho yetu, nasi tunautafuta vitabuni.

Wala sisemi kwamba tukatae msaada wa wazazi na wafadhili. Asiyeshukuru kidogo hatashukuru kikubwa. Msaada wao na uje juu ya kazi yetu, kama paa lijavyo juu ya kuta. Mfadhili akikuta kuta zimesimama, atatoa kwa heshima. Akikuta kiwanja kitupu na kadi mkononi, atatoa kwa huruma, au hatatoa kabisa.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa vyama vyote, kabla muhula huu haujaisha, waitishe mkutano na kuamua mambo matatu: kazi moja ya kuanza nayo, siku ya kuifanya, na watu wawili wa kushika madaftari. Mimi nitalipeleka shauri hili katika chama changu Ijumaa ijayo. Na kabla ya Ijumaa nitakwenda kwa yule msemaji wetu, nimwambie kwamba safari ijayo haitauliza mfuko wa mama yake.

Mhazini, Kidato cha Tano