Kompyuta Moja Yatosha Kujifunzia Mtandao

Wenzangu wapenzi, nanyi ndugu mliotutangulia katika shule hii, wako watu huku Nchelenge wasemao kwamba elimu ya mitandao ya kompyuta ni ya Lusaka na Copperbelt, kwenye mitambo mingi. Mimi sikubali, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tujue kazi ya swichi ya mtandao. Hiyo huunganisha kompyuta, hupokea pakiti za habari na kuzifikisha zinakotakiwa. Tuseme yuko karani katika gati la Kashikishi, apokeaye barua zinazoletwa na mitumbwi kutoka visiwa vya Kilwa, Isokwe na Chisenga. Hakupewa orodha ya watu. Barua ikifika, hutazama jina la aliyeiandika na kutia katika daftari lake: fulani yuko Kilwa. Kisha hutazama jina la mwenye kupelekewa. Akiwamo daftarini, barua huenda kisiwa kile tu. Asipokuwamo, karani hupeleka nakala kila upande, isipokuwa ule ilikotoka. Mwenyewe akijibu, karani humjua alipo.

Swichi hufanya vivyo hivyo. Anwani ya kila kompyuta ni namba ya biti 48, na kila tundu la swichi ni kama njia ya kisiwa kimoja. Lakini wavuvi huhama kambi, na daftari la kale hudanganya. Kwa hiyo swichi husahau anwani iliyonyamaza. Katika Linux kwa kawaida baada ya sekunde 300.

Sasa, swichi pepe haina chuma wala matundu. Ni programu ndani ya kompyuta moja, nayo huunganisha kompyuta pepe, ambazo pia ni programu. Linux inayo, wala hainunuliwi. Tangu mwaka 2012 sehemu ya Open vSwitch, swichi pepe mashuhuri, imo katika kiini chake. Basi kompyuta moja kuukuu yaweza kubeba kompyuta pepe ndogo tatu na swichi yao, bila bando lolote. Mwanafunzi hutuma pakiti, kisha hufungua daftari la swichi na kuona anwani zikiingia moja moja.

Wengine watasema huo ni mchezo. Sivyo. Swichi za namna hiyo ndizo zitumikazo katika majumba makubwa ya kompyuta duniani. Tena zinatufundisha hatari: swichi isiyolindwa huamini kila jina. Mwongo akijiita kwa anwani ya mwenzake, barua za mwenzake humwendea yeye. Ofisi na hospitali za wilaya yetu zinahitaji watu wenye kuijua hila hiyo. Je, tungoje watoke mbali?

Naomba chama chetu cha sayansi kipewe kompyuta moja kwa kazi hii. Nanyi ndugu mliohitimu, ile msiyoitumia tena, iliyowekwa kabatini, kwetu ni darasa zima.