Binti Mwenye Nguvu Si Mchawi

Wengi mmeiona sinema ya Korea, The Witch sehemu ya pili, iliyotoka 2022. Binti anatoroka maabara, anawapiga wenye silaha peke yake. Hatuna ugomvi na ngumi zake. Ugomvi wetu ni jina. Nguvu zile zilitengenezwa na wanasayansi, lakini anayeitwa mchawi ni yeye.

Sisi wafanyabiashara wa Karagwe na Kyerwa tunajua jina hilo si mchezo. Mwanamke akistawi dukani Kayanga au akipata fedha ya kahawa Nkwenda, mtoto wa jirani akiugua, minong'ono inaanza. Kwingine nchini vikongwe wameuawa kwa neno hilo hilo. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumtuhumu mtu uchawi ni kosa. Surat Al-Hujurat aya ya 12 inakataza dhana na kusengenya. Sasa ruhusa wameipata wapi wanaoyasema hayo hadi kwenye kichenipati?

Bibi harusi, ukiambiwa mama mkwe wako mchawi, uliza ushahidi. Hakuna? Usiyabebe hadi nyumbani kwako.