Tofali Lenye Saruji Pungufu ni Kipimo Kilichopunjwa



 

Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi, kila unapotangazwa mchango wa kujenga darasa au msikiti, swali letu la kwanza huwa: yamepatikana matofali mangapi? Tukiambiwa elfu mbili, tunamshukuru Mola na kuondoka. Rai yangu ni kwamba swali hilo halitoshi. Tuulize kwanza: mfuko mmoja wa saruji umetoa matofali mangapi?

Hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Mfuko wa saruji una kilo 50. Ukifyatua matofali 25, kila tofali limepata kilo 2. Ukifyatua matofali 50 ya ukubwa uleule, kila moja limepata kilo 1 tu. Yakipangwa uwanjani yote yanafanana, na mnunuzi atalipia tofali zima. Lakini saruji ndiyo inayoushika mchanga. Ikipungua, umenunua mchanga uliosimamishwa kwa muda.

Sura ya 83 katika Qur'an, Al-Mutaffifiin, inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Wengi wetu tukiisoma tunamfikiria muuza mchele na mizani yake. Mimi naona mfyatuaji wa matofali naye amo. Imepokewa pia katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta unyevu uliofichwa chini ya kikavu, akamkemea mwenye mali. Tofali ni lundo la namna hiyo, ila mkono hauingii ndani yake.

Iko punja nyingine, nayo ni ya maji. Watu husema saruji inakauka. Kwa hakika saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huendelea kwa siku nyingi. Ndiyo maana wahandisi hupima nguvu yake baada ya siku 28. Tofali linalofyatuliwa leo na kuachwa juani bila kumwagiliwa hunyimwa maji kabla halijakomaa. Linahitaji kivuli au kufunikwa, na kumwagiliwa kila siku kwa wiki moja angalau. Vilevile, kwa sisi tulio karibu na bahari, mchanga wa pwani una chumvi. Chumvi hiyo huharibu lipu na kula nondo.

Tusione kuwa haya ni madogo. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti, wakafa watu zaidi ya laki moja. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali ya saruji, na wahandisi waliochunguza vifusi walikuta matofali dhaifu na nondo haba. Tarehe 27 Februari mwaka huohuo, Chile ilipigwa na tetemeko kubwa zaidi, la 8.8, wakafa watu wapatao mia tano. Yako mengine yaliyotofautisha, kama umbali wa miji kutoka kwenye chimbuko la tetemeko. Lakini Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizofuatwa kwa miaka mingi. Nasi Tanzania hatuko mbali na hayo, kwani Kagera ilitikiswa tarehe 10 Septemba 2016, nyumba zikaanguka na watu wakafa.

Wako watakaosema, mafundi ndio wezi. Mimi sikubali kuwatwika wao peke yao. Fundi analipwa kwa idadi ya matofali, halafu tajiri anamwambia, "Mwenzako anatoa hamsini kwa mfuko, wewe kwa nini thelathini?" Anayeshurutisha hivyo ana fungu lake katika dhambi hiyo. Na asiye na uwezo, asidanganywe kwamba dawa ni kupunguza saruji. Ni heri ajenge chumba kimoja mwaka huu na kingine mwakani. Au atumie matofali yenye matundu, ambayo hupunguza mchanga na saruji kwa pamoja bila kuharibu mchanganyiko.

Basi tufanye nini? Kamati za ujenzi ziweke mtu wa kuhesabu mifuko na matofali kila siku, na kuandika. Wanafunzi wakubwa wapewe zamu ya kumwagilia. Kabla ya kununua, kwaruza tofali kwa msumari. Likimomonyoka kama sukari guru, liache. Gonganisha mawili usikie mlio wake. Kwa jengo la ghorofa, matofali yapelekwe maabara yakapimwe.

Sadaka ya mfuko wa saruji ni amana. Aliyeitoa hakukusudia idadi kubwa ya matofali, alikusudia ukuta utakaosimama huku watoto wakisoma chini yake. Tukiupunja mfuko ule, tumemdhulumu mtoaji aliyetuamini, na tumewaweka watoto wetu wenyewe chini ya dhuluma hiyo.