Tuanzie zizini, Kilatini kitafuata

Wanachuo wenzangu wa ualimu, BTP yangu kule Tarime ilinifundisha jambo. Niliandika "Klostridiamu" ubaoni, darasa kimya. Nikasema chambavu, mikono ikajaa hewani! Nani kwao hajaona ndama akichechemea, paja limevimba, kesho yake amekufa?

Jina hilo alilitoa Adam Prażmowski mwaka 1880, kutokana na neno la Kigiriki la kijiti cha kusokotea uzi, kwa umbo la bakteria hao wasiotaka oksijeni. Anayeleta pepopunda naye yumo kwenye jenasi hiyohiyo. Wote hukaa udongoni kama spora ngumu. Hapo mtoto anaelewa kwa nini ndama anachanjwa, na mama mjamzito pia.

Sasa mbona tunawakaririsha majina tu?