Mama Akienda Kusuluhisha, Baba Anapika Nini?



Kuna aina ya vichekesho vya runinga ambavyo Wamarekani hawachoki kuvitengeneza. Mama au baba wa familia anapata barua ya kuitwa mahakamani akae kwenye juri, yaani lile baraza la raia wa kawaida, mara nyingi 12, wanaosikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Anakwenda. Huku nyuma nyumba inapinduka juu chini: chakula kinaungua, nguo nyeupe zinatoka rangi ya waridi, watoto wanakwenda shule bila soksi. Moja ya hizo ni ya mwaka 1971, katika mchezo uitwao All in the Family. Mama wa nyumba, Edith, mwanamke ambaye mumewe humdharau siku zote kwamba hana akili, anaingia katika kesi ya mauaji, na kati ya wote 12 ni yeye peke yake anayeshikilia kwamba mshtakiwa hakuua. Wanazuiliwa wasirudi makwao mpaka wakubaliane. Mume, Archie, yuko nyumbani anahesabu milo aliyokosa. Mwisho muuaji wa kweli anajitokeza, na Edith ndiye aliyekuwa sawa.

Watu hucheka kwa Archie na tumbo lake. Sisi tunaona kwamba mchezo ule umegusa jambo zito kuliko waliokuwa wakicheka walivyodhani, na jambo hilo liko hapa hapa Kigali, katika nyumba zetu za Nyamirambo, Biryogo na kwingineko.

Rwanda hatuna juri. Lakini sidhani kuna nchi nyingi ambazo raia wa kawaida wamekalishwa kuamua mambo ya wenzao kama sisi. Mwezi Oktoba 2001 walichaguliwa watu zaidi ya laki mbili na nusu kuwa inyangamugayo, waamuzi wa gacaca. Walikuwa wakulima, wauza duka, walimu, mafundi cherehani, akina mama wa nyumbani. Hawakusomea sheria na hawakulipwa mshahara. Majaribio yalianza Juni 2002, kazi ikaenea nchi nzima kuanzia 2005, na gacaca ikafungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, baada ya kesi karibu milioni mbili za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hesabu hiyo ya kesi inatajwa kila mahali. Ambayo haitajwi ni hesabu ya sufuria. Mara moja kwa wiki, kwa miaka, baba au mama alitoka asubuhi akaketi kwenye benchi mpaka jioni, na nyumbani kulikuwa na watoto, na mtu fulani ilibidi awashe jiko la makaa.

Waliokuwa vijana wakati ule wanakumbuka. Katika nyumba moja tunayoijua vizuri, siku ya gacaca ilikuwa siku ya baba kupika, na baba alijua kupika kitu kimoja tu, maharage, nayo hakuwahi kuyaanza kabla ya saa sita. Watoto walikula saa kumi. Siku moja alitia chumvi mara mbili kwa sababu aliitwa nje na jirani, akarudi, akaona kijiko kiko juu ya meza, akadhani bado. Alipogundua, akaongeza maji. Alipoongeza maji, ikawa supu. Akasema, "Leo tunakula kwa mtindo wa kigeni." Watoto wake leo ni watu wazima na bado wanaliita pishi lile "la kigeni". Mama yao aliporudi jioni ile alikuwa amesikiliza tangu asubuhi mambo ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Alikula supu ile yote, hakusema neno, akaomba nyingine. Mume akafahamu kwamba hakuonja.

Ndiyo maana tunasema kichekesho cha nyumba ya mwamuzi si kichekesho tupu. Wakenya wametuchekesha miaka mingi kwa Vioja Mahakamani, lakini pale vioja viko mahakamani na nyumbani hatukuonyeshwa kamwe. Kwetu ilikuwa kinyume. Kule kwenye majani hapakuwa na la kuchekesha. Kama palikuwa na kicheko basi kilikuwa jikoni, na wengi kiliwasaidia kulala usingizi. Si hapa tu. Mwaka 2001 huko Brussels, Wanyarwanda wanne, wakiwemo watawa wawili wa kike, walihukumiwa na juri la Wabelgiji 12 kwa yale waliyoyafanya Butare. Kesi ilianza Aprili ikaisha Juni. Watu wasioijua Butare walikaa wiki karibu nane wakisikiliza Butare, na jioni walirudi kwa familia zao. Hapana shaka na kule kuna mtu alichoma chakula.

Ama leo, gacaca imekwisha, lakini benchi halijakwisha. Tuna abunzi, wasuluhishi, waliotajwa katika Katiba ya 2003. Kwa sheria ya mwaka 2016 kila kamati ina watu saba wenye mwenendo mwema, kwa muda wa miaka mitano, katika ngazi ya akagari na ya umurenge, na wanawake hawapungui asilimia 30. Mipaka ya shamba, deni, mirathi, ukuta uliojengwa juu ya njia ya jirani: mambo haya hupita kwao kabla ya kufika mahakamani, na wanaoyasikiliza ni watatu kati ya hao saba. Hakuna mshahara. Kuna heshima, na kuna kuchelewa kurudi nyumbani.

Na hapa ndipo penye neno letu. Tumewasikia ndugu zetu, watu wazuri, wa safu ya kwanza msikitini, wakikataa wake zao wasimame kuchaguliwa. Ukiuliza sababu, ya kwanza inayotoka ni ya dini na ya pili ni ya chakula. Ukizungumza nao kidogo zaidi unagundua ya pili ndiyo iliyotangulia.

Tuanze na ya dini, maana ni yenye haki ya kujibiwa kwa adabu. Ni kweli kwamba wanazuoni wengi, na katika madhehebu yetu ya Shafi ndiyo kauli inayofundishwa, hawakuona mwanamke kuwa kadhi. Imam Abu Hanifa aliruhusu katika yasiyokuwa hudud na kisasi. Ikhtilafu hiyo ipo na hatuifichi kwa wanafunzi wetu. Lakini mwunzi kazi yake ya kwanza ni suluhu, kuwakalisha wawili waliogombana mpaka wakubaliane, na suluhu haina mlango uliofungiwa wanawake. Surat An-Nisaa, aya ya 114, inasifu mwenye kuamrisha sadaka, au wema, au kupatanisha baina ya watu, na haikusema awe mume wala mke. Siku ya Hudaybiya, masahaba walipokuwa na uzito wa kuchinja na kunyoa, Mtume (S.A.W.) aliingia kwa Ummu Salama, na rai yake ndiyo iliyofungua fundo. Anayetaka kuliacha hilo na aliache, lakini asiseme hakuliona.

Sasa ya chakula. Ndugu yetu anasema, "Mke wangu akienda huko, nyumbani nani?" Swali zuri. Jibu lake limo ndani ya Bukhari. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Mkuu wa dola, kadhi, amiri wa jeshi, imamu! Kazi zote hizo hazikumfanya awe mgeni katika nyumba yake. Sisi wengine tuna kazi moja, na bado hatujui mchele unawekwa wapi.

Kuna hoja nyingine ambayo huwa hatuisikii kwenye mihadhara. Mtume (S.A.W.) alimkataza mwamuzi asihukumu baina ya wawili hali ya kuwa ameghadhibika. Wanazuoni wa fiqhi wakakisia juu ya ghadhabu kila kinachomvuruga mtu akili: njaa kali, kiu, usingizi, kubanwa na haja, huzuni nzito. Tafakari maana yake. Njaa ya mwamuzi imeingia katika vitabu vya ukadhi. Basi mama akitoka asubuhi kusikiliza kesi ya shamba bila kifungua kinywa kwa sababu alikuwa akiwavisha watoto wanne huku baba anasoma ujumbe wa simu, tatizo hilo halikubaki nyumbani. Limekwenda naye mpaka akagari, na huenda likamgharimu mjane wa watu hatua mbili za ardhi. Mume aliyekoroga uji asubuhi ile ana sehemu yake katika haki iliyopatikana. Hatutanii.

Na upande wa pili pia tuuseme, tusionekane tunawasema waume wasioshika mwiko tu. Wako akina baba ambao uwunzi umekuwa kimbilio. Kila ukimtafuta yuko kwenye kesi. Mtoto ana homa, yeye yuko kwenye kesi. Ada ya madrasa, kesi. Na kesi imekwisha saa nane lakini yeye anarudi baada ya Isha. Salman alipomuona Abu Dardaa amezama katika ibada hata mkewe ameacha kujipamba, alimwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake, na watu wa nyumba yake, na ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ya usiku haikuwa udhuru, benchi la akagari litakuwaje udhuru?

Tukija kwa watoto, hapo tuna wasiwasi zaidi kuliko wa maharage. Sisi wa madrasa tunawasikia. Mtoto wa mwunzi anakuja na habari kamili: nani amemdai nani, nani aliapa, nani alilia. Hakuzipata kwa uchawi, amezisikia mezani. Kesho mtoto wa yule aliyelia anakaa naye kwenye mkeka mmoja, juzuu moja mkononi. Mwaka mmoja iliwahi kutubidi tuwatenganishe wavulana wawili waliokuwa wakipigana katikati ya somo la tajwidi kwa ajili ya mgomba uliokuwa mpakani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kuuona. Wazazi, kesi ina mlango wake. Vueni kesi pamoja na viatu.

Wala tusidhani wenye kesi hawaijui nyumba ya mwunzi. Wanaijua kuliko posta. Wakimkosa baba wanamkuta mama, wakimkosa mama wanamkuta mtoto, na mtoto hakatai peremende. Katika nyumba moja, mwunzi alikuwa kwenye kikao na mumewe yuko jikoni anapambana na isombe, akaja mtu kwa ucheshi mkubwa, "Shikamoo Ustadhi, namletea Mama salamu tu," akaacha kuku jike amefungwa miguu. Baba, mikono imejaa mafuta ya mawese, akasema ahsante. Mama aliporudi na kusikia jina la mleta salamu, isombe ikasahauliwa. Kesi ya bwana yule ilikuwa Jumanne.

Hapa sharia haina utata. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka, aliporudi akasema hii yenu na hii nimepewa zawadi, Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama angeletewa zawadi. Kuku yule hakuwahi kuletwa kabla mama hajawa mwunzi. Basi arudishwe, na mbele ya mashahidi ikiwezekana, kabla ya Jumanne.

Watoto wakauliza swali ambalo baba alituletea msikitini baada ya Alasiri, nasi tunalileta hapa kwa faida ya nyumba nyingine: kuku alikaa siku mbili na ametaga mayai mawili, je, mayai ni yetu? Tukamjibu kwamba mayai yanamfuata mama yao. Akasema moja limekwisha kuliwa. Basi lilipwe, mbadala wake ununuliwe sokoni, na aliyelila asilaumiwe, maana alikuwa na miaka mitano na isombe ilikuwa imeungua.

Wallahu a'alam.